Jina Walilofungulia Kompyuta

Nilichomoa waya. Hivyo tu. Watu wamesimulia mengi kuhusu asubuhi ile, eti nilivunja kompyuta, eti nilipandisha mashetani mbele ya wagonjwa. Mimi niliyekuwepo nasema nilichofanya ni kuinama chini ya meza ya mapokezi, kushika waya wa intaneti na kuuvuta kwa nguvu mpaka kile kidude chake cha plastiki kikabaki ukutani.

Kabla ya hapo nilikuwa namwandikisha mama aliyemleta mtoto wa kikohozi. Mshale ukaanza kutembea wenyewe kwenye kioo. Hilo halikunishtua. Kituo chetu cha afya hapa Bariadi kina fundi wa mfumo ambaye hakai hapa, na ana njia ya kuingia kwenye kompyuta yetu kutoka popote alipo, akarekebisha kitu, akatoka. Tumezoea. Mshale ukitembea wenyewe tunaondoa mikono, tunamwambia mgonjwa asubiri kidogo, fundi yupo ndani.

Mshale ukaenda kwenye kisanduku cha kutafutia wagonjwa. Herufi zikaanza kujiandika, moja baada ya nyingine. Kabla neno halijaisha nilikuwa nimeshalijua. Lilikuwa jina la mwanangu wa kwanza. Faili likafunguka: siku aliyozaliwa, uzito, joto la mwili siku aliyoletwa, na chini kabisa sehemu ya maelezo. Mshale ukapita taratibu juu ya mstari mmoja, maneno yakageuka rangi ya bluu, kama vile mwalimu anavyopigia mstari ubaoni. Mstari wenyewe ulisema: Mama alichelewa kumleta mtoto.

Bluu ikakaa pale. Haikuondoka. Yule mama mwenye mtoto wa kikohozi alikuwa ameegemea kaunta, kioo kimemgeukia, na yeye anasoma.

Ndipo nikainama.

Inabidi nieleze jina hilo lilifikaje kwenye kompyuta, maana wengine wanasema nilijitakia.

Mwanangu alifariki kabla sijaajiriwa kituoni. Tulikuwa Kasoli kwa mama mkwe wangu, tunapanda pamba. Homa ilimwanza jioni, mvua ikanyesha usiku mzima, na asubuhi mto tunaouvuka kuja barabarani ulikuwa umejaa. Tulisimama ukingoni na mtoto mgongoni mpaka maji yalipoanza kupungua, tena tukavuka yakiwa bado kiunoni, mume wangu amemshikilia juu ya kichwa. Hiyo ndiyo wanayoiita kuchelewa. Tulifika hapa mchana. Siku hizo alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa mwenyewe, ukimpa kijiko anakigonga chini na kucheka. Tulimrudisha Kasoli jioni hiyo hiyo, akazikwa nyuma ya nyumba.

Baada ya msiba mama mkwe alituita mimi na mume wangu akatuambia tulipumzishe lile jina. Hakusema kwa ubaya. Alisema tukiendelea kuliita, mtoto atakayekuja atakuwa anaitika lisilo lake. Basi likapumzishwa. Majirani waliokuwa wakiniita mama wa jina hilo wakaacha, wakawa wananiita shemeji, dada, wewe. Alipozaliwa huyu wa pili wakaanza kuniita mama wa huyu. Yaani ilikuwa kama vile ukoo mzima umekubaliana kwamba yule hakuja. Mume wangu naye akanyamaza. Nilikuwa sina mtu wa kulisemea jina la mwanangu hapa duniani.

Halafu nikapata kazi ya karani wa mapokezi. Nina kidato cha nne na ninaandika kwa kompyuta bila kuangalia vidole, wakaona ninafaa. Mfumo mpya ulikuwa umeletwa, mafaili ya zamani yameshaingizwa na watu wa muda, na fundi alikuja kunifundisha. Mganga mfawidhi, ambaye ndiye mkuu wetu, alisema yeye hana nafasi ya mambo ya kompyuta, akaunti kubwa niishike mimi. Akaunti kubwa ndiyo ya admini. Ukiwa nayo unafuta, unasahihisha, unafungua faili la yeyote. Fundi akaniambia nichague neno la siri: liwe neno ambalo sitalisahau maisha yangu yote, na ambalo hakuna mtu atakayelibahatisha.

Aligeuka pembeni kama inavyotakiwa. Nikaandika jina.

Sijutii. Naomba ieleweke hivyo. Kila asubuhi nilifika kabla ya wenzangu, nikawasha kompyuta, nikaliandika. Kwenye kioo zinatokea nukta tu, hakuna anayeona. Vidole vyangu vilikuwa vinamwita mwanangu na mlango unafunguka. Siku nyingine nilikuwa natoka ndani ya mfumo makusudi ili niingie tena.

Sasa njoo kwenye tabia ya pale kazini, na si pale tu, sehemu nyingi huku kwetu. Neno la siri linaazimwa kama chumvi. Jibu la mgonjwa likikosewa ni lazima admini asahihishe, na mimi wakati mwingine nipo chooni, wakati mwingine namnyonyesha mtoto aliyeletwa na jirani. Wa kwanza kuniomba alikuwa nesi mkubwa wa wodi, tunayemwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kwa sababu ametuzidi sote umri na wengine wetu ametuzalisha. Mayu akikuomba kitu humuulizi cha nini. Nilimwandikia kiganjani. Aliangalia kiganja, akaniangalia mimi, akaenda kazini kwake.

Baada ya Mayu ningemnyima nani? Yule dada wa maabara, mwenye mdomo wake, alikuja akaning'ang'ania mbele ya watu.

"Yaani wewe unatunyima mpaka herufi? Utazikwa nazo?"

Wote wakacheka. Nikampa. Yeye akampa wa dawa, wa dawa akampa mtunza fedha, na mtu mmoja akaona tunasumbuana bure, akaliandika kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa kompyuta. Nililifuta kwa spiriti. Kesho yake likawepo tena, kubwa zaidi.

Ukilisikia jina la mwanao likitajwa herufi moja moja kwenye korido, mtu amebana simu begani na mkononi ana mkojo wa mgonjwa, ndipo utajua ninachosema. "Baada ya A weka N. N, siyo M." Nilikuwa nakaa pale mapokezi natabasamu kwa wagonjwa. Jioni nikirudi nyumbani, mtu akitaja neno linalofanana nalo tu, mama mkwe, ambaye siku hizi anakaa nasi, anakohoa.

Niliomba libadilishwe. Sikuomba mara moja. Nilienda kwa mganga mfawidhi, ambaye ni mtu mpole aliyehamishiwa huku kutoka mkoa wa mbali na ambaye anapenda kusema tatizo halijawa tatizo. Sikumwambia jina ni la nani. Ningeanzaje? Nilimweleza ya kazi tu, na ya kazi yalikuwa yanatosha. Nilimwambia, daktari, humu ndani kila kitu kinaandikwa kwamba kimefanywa na admini. Jibu la mgonjwa likibadilishwa, admini kalibadilisha. Faili la mtu likisomwa, admini kalisoma. Admini ni nani? Ni sisi sote, na ni fundi, na ni yeyote aliyepita koridoni akaona ubavu wa kompyuta. Kila mtu apewe jina lake na neno lake. Na ile njia ya fundi ya kuingia kwa mbali ifungwe, ifunguliwe tu pale tunapomwita.

Alinisikiliza vizuri. Akasema atawasiliana na fundi. Nilipomkumbusha akasema fundi amekataa, kwa sababu neno hilo hilo, alilotajiwa na wenzangu kwa simu, amelitumia kwenye vituo vyote anavyovihudumia ili asichanganyikiwe. Mpaka Mwandoya huko Meatu, wanafungulia neno letu. Likibadilishwa huku itabidi azunguke kote.

"Kwani lina ubaya gani, dada?" akaniuliza. "Ni neno zuri, fupi, watu wameshalizoea."

Nikasema halina ubaya. Nikatoka nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji.

Basi mtu akiniuliza kwa nini nilichomoa waya badala ya kuongea kistaarabu, jibu langu ni kwamba kistaarabu nilishaongea.

Waya ulipotoka, mshale ulisimama palepale juu ya ule mstari wa bluu. Sikuwa nimewahi kulifungua faili la mwanangu. Nilikuwa na uwezo wa kulifungua kila siku na sikuthubutu, kwa hiyo ule mstari nilikuwa nausoma kwa mara ya kwanza, pamoja na mama wa watu. Yule mama alivuta kitenge akamfunika mtoto wake kichwa, akaangalia pembeni. Foleni ikaanza kunung'unika. Simu yangu ikaita. Alikuwa fundi.

"Dada, mmetukatikia," akasema. "Tuko darasani huku Mwandoya, hebu angalia ruta."

Nikamuuliza darasa gani. Akaniambia bila wasiwasi wowote kwamba anawafundisha wafanyakazi wa kule kutumia mfumo, wao bado hawana wagonjwa wengi ndani, kwa hiyo ameingia kwetu ili awaonyeshe faili lililokamilika. Ameliweka kwenye projekta, ukutani. Alikuwa anawaonyesha jinsi maelezo yanavyoandikwa.

"Hilo faili ni la nani?"

"La mfano tu, dada. Nilihitaji jina lolote, nikaandika lililonijia."

"Kwa nini likujie hilo?"

"Si ndiyo paswedi yetu?" Akacheka kidogo. "Hata mimi nimeshangaa kuona kuna mtu anaitwa hivyo."

Sikupiga kelele. Wote waliokuwepo wanaweza kushuhudia. Nilimwambia huyo mtu ni mwanangu, na amekufa, na mama aliyechelewa kumleta ndiye anayeongea naye. Nikasikia upande wa pili darasa likizungumza, viti vikiburutwa, mtu akiuliza kama wanaweza kwenda chai.  Baadaye fundi akasema, "Haya," na simu ikakatika. Mpaka leo sijui kama ni yeye aliyekata au ni mtandao.

Kazi ilisimama mpaka alasiri. Dawa hazikutoka, majibu hayakutoka, na mganga mfawidhi akaniita ofisini, mlango akaufunga. Alikuwa amekasirika kwa namna yake, ya kupanga kalamu mezani. Alisema nimehatarisha wagonjwa. Alisema kama nina matatizo ya nyumbani ningeomba ruhusa. Akanitaka niandike barua ya kujieleza kwa nini nisichukuliwe hatua za nidhamu, niifikishe kwake, naye aipeleke kwenye bodi ya kituo.

Nilimwambia sasa, kwa maneno machache, lile jina ni la nani. Akaacha kupanga kalamu. Halafu akasema pole sana, kwa kweli pole, lakini barua iandikwe tu kwa sababu utaratibu ni utaratibu.

Nilipotoka, Mayu alikuwa ananisubiri kwenye benchi la kliniki ya watoto, amevua viatu, miguu yake imevimba. Akanikalisha. Nilidhani anataka kunituliza, kumbe yeye ndiye alikuwa na la kusema. Siku ile tulipotoka Kasoli, yeye ndiye aliyempokea mwanangu mikononi mwangu. Nilikuwa nalijua hilo, ila hatukuwahi kuliongelea.

"Ng'wanawane, mwanangu, mimi nilijua tangu uliponiandikia kiganjani," akasema. "Nilidhani ndivyo ulivyotaka. Nilidhani umetupa jina ili tumtaje wote, maana nyumbani nilisikia mmeacha."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu.

"Na wewe hukusema. Mimi kila nikiliandika nilikuwa nasema moyoni, pole mama. Nikajua unasikia."

Sikusikia. Nilimwambia hivyo, kwa ukali, na sikuwa na sababu ya kuwa mkali kwake.  Nilimuuliza ni nani aliyeandika kwamba nilichelewa. Akasema aliandika mganga wa zamu ambaye ameshahama, na kwamba yeye Mayu alimweleza kuhusu mto, akajibu kwamba kwenye fomu hakuna nafasi ya kuandika mto. Alipomaliza kuniambia hivyo alianza kulia yeye, mtu mzima yule, na mimi nikawa ndiye wa kumfuta.

Nyumbani niliona bora mume wangu aisikie kutoka kwangu kuliko kuipata sokoni. Alikuwa anakoboa mahindi uani. Nilimweleza yote: neno la siri, korido, ubavu wa kompyuta, Mwandoya, ukuta. Nilitegemea atanigombeza kwa kulipeleka kazini jina ambalo mama yake alisema lipumzishwe. Hakunigombeza. Aliendelea kukoboa, gunzi moja, la pili, kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Wanalitamka vizuri?"

"Hawalitamki. Wanalitaja herufi herufi."

Akatikisa kichwa. Halafu akalitamka yeye. Kwa sauti ya kawaida, kama anamwita mtoto aliye nyuma ya nyumba. Hatukuwa tumelisikia kwa sauti ya mmoja wetu tangu msiba. Huyu wa pili, ambaye alikuwa anatambaa kwenye maganda, hakuitika. Aligeuka tu akatuangalia, akaendelea na maganda yake.

Ile barua ya kujieleza sikuiandika. Nilikaa na karatasi, nikaandika "Napenda kujieleza kuwa", nikaona sina cha kujieleza. Nikageuza karatasi upande wa pili nikaandika malalamiko. Niliandika kwa mkono, kwa sababu kompyuta ya kuchapia ni ile ile. Nikayapeleka mwenyewe kwa katibu wa bodi, na nakala kwa mganga mkuu wa halmashauri. Katibu ni mwanamke wa makamo, anavaa miwani ya kamba. Alisoma kwa kunong'ona, akafika mahali akasimama, akaniambia kwa upole kwamba aya ya mwisho haina mambo ya kiofisi, niiondoe ili bodi isije ikaniona nimeandika kwa hasira.

Nikamwambia nimeandika kwa hasira, aigonge muhuri hivyo hivyo. Akagonga. Nakala yangu ninayo, na inasema:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU NENO MOJA LA SIRI KUTUMIWA NA WATU WENGI, NA FUNDI KUINGIA KWENYE KOMPYUTA YA KITUO BILA KUITWA.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni karani wa mapokezi wa kituo hiki. Ninalalamika kwamba akaunti ya admini inafunguliwa na kila mtumishi kwa neno moja, na kwamba neno hilo hilo linafungua kompyuta za vituo vingine, hivyo mtu yeyote wa kituo kimoja anaweza kusoma wagonjwa wa kituo kingine. Ninalalamika kwamba njia ya kuingia kwa mbali iko wazi muda wote. Niliomba mambo haya yarekebishwe, nikaambiwa watu wameshazoea.

Ninalalamika pia kwamba kwa njia hiyo faili la marehemu mwanangu lilifunguliwa na kuonyeshwa ukutani kwa watu wasiomjua, bila ruhusa ya wazazi wake wala ya kituo.

Ninaomba neno hilo lifutwe leo kwenye kompyuta zote, siyo baada ya kikao. Kila mtumishi apewe jina lake la kuingilia na neno lake, na asiazime. Fundi asiingie mpaka aitwe, na anapoingia tujue ni yeye na anafanya nini. Maelezo yaliyoandikwa kwenye faili la mwanangu yaongezewe kwamba mto ulikuwa umejaa na wazazi walisubiri ukingoni.

Mwisho, ninaomba watu wote waliokuwa kwenye darasa la Mwandoya waambiwe kwamba faili lile halikuwa mfano. Ni la mtoto wa kike aliyekuwepo, mwenye baba na mama, na jina hilo lilikuwa lake kabla halijawa lenu.

Nawasilisha.